Papa Bibliothécaire Hakuuzisha Ile Nyumba

Hapana, apo unasema uongo. Na kama si wewe ulitunga ile uongo, basi mutu alikuwekea mu kinywa na ukaimeza bila kutafuna. Papa Bibliothécaire hakuuzisha bibliothèque ya Bukavu. Hakumupatia mutu yoyote ile nyumba. Nimechoka kusikia ile habari ku soko, nimechoka kuisikia ku mulango ya kanisa, na sasa inanifuata mpaka mu atelier yangu. Juzi mama moya amesimama mbele yangu, mikono juu, nikimupima kifua, ananiambia: «Ule muzee ya Kasha, si ndiye alitoa nyumba ya bitabu kwa batu ya masanamu?» Nilikunja mètre yangu. Nikamwambia: «Maman, utafute fundi mwingine.» Alifikiri ninacheka. Sikucheka.

Mi niko fundi ya kushona, ku Kadutu. Masomo niliacha ku quatrième primaire. Français yenye ninasoma, hesabu ya patron ya kukatia nguo, namna ya kukata manche ya mukono isivute ku bega, yote nilijifunza mu ile nyumba, ku meza ya karibu na dirisha, mbele ya macho ya ule muzee. Kwa hiyo usiniambie nitulie.

Nyumba yenyewe unaijua. Ile ya ukuta ya manjano, ngazi ya mawe mbele, madirisha marefu inaangalia ziwa, na leo kibao kikubwa juu ya mulango: GALERIE. Babeleji baliijenga juu ya kusoma bao kwa bao. Kiisha indépendance mulango ikafunguka kwa kila mutu. Kiisha ikakuja vita, maaskari balilala ndani, na asubuhi balipasha chai na encyclopédie. Banasemaka Papa Bibliothécaire alirudi risasi haijanyamaza muzuri, akaokota yenye ilibakia mu majivu. Hapo herufi tatu ao ine ilikuwa imeungua yote. Tangu ile siku, mutu akikuja kuuliza habari ya moteur, Papa alimujibu bila kucheka: «M iliungua. Uliza kitu ya L.»

Mara ya kwanza niliingia juu ya mvula tu. Mvula ya Bukavu, unaijua, haiombi ruhusa. Nikasimama ndani ya mulango, nguo inatiririka. Sauti ikatoka nyuma ya meza: «Hii si hangar ya mvula, mwanangu. Nawa mikono ao toka.»

Ndiyo namna alipokeaka batu. Ku mulango kulikuwa bassin ya maji na kipande ya sabuni ya bleu, na mutu hapite bila kunawa. Kiisha kunawa unamunyooshea mikono anuse. Kweli, anuse! Kama ulikula sambaza, sabuni haitoshe, unarudi ku bassin. Alisemaka: «Kitabu inashika harufu kuliko nguo. Mwenzako anataka kusoma habari ya Amerika, wewe unamupatia harufu ya samaki ya jana.» Chef moya ya biro alikuja siku moya na abacost mupya, koti ya bakubwa, akapita mbele ya bassin sawa haiko.

«Citoyen,» Papa akamwita, «maji iko huku.»

«Mi si mutoto.»

«Ndio, ninaona. Mutoto angekuwa amekwisha kunawa.»

Tulicheka mpaka Papa akatufukuza sisi bote inje, chef pamoja. Juu kucheka mu bibliothèque ilikuwa kosa. Mais yeye mwenyewe, akipata fasi ya kuchekesha mu kitabu, alicheka mpaka miwani ikaanguka, na kama ulimuangalia alikukunjia uso sawa wewe ndiye ulipiga kelele. Muzee ya ajabu. Sheria zake zote zilikuwa za batu bengine.

Usifikiri nakuchorea mutakatifu. Aliniudhi kila siku. Alikuwa mukali, na tena mupole ku fasi yenye haifae. Alisema Français na kila mutu ku meza yake, hata na maman mwenye kuuza ndizi mwenye hasikii hata «bonjour», mais mutu akikunja ukurasa, matusi ilitoka kwa Mashi, luga ya kwao, na ile siwezi kuandika hapa. Alipenda bitabu ya mashua makubwa, ya batu benye kuvuka bahari. Alijua majina ya kamba zote na bitambaa zote ya mashua. Na mu ziwa yetu hii, yenye iko chini ya dirisha yake, hakutia hata kidole. Kama alikuwa na safari ya Goma, bengine banashuka ku bateau, yeye anapita barabara ya Kavumu, siku nzima mu vumbi, mugongo unavunjika. Nilimuuliza: «Papa, unaogopa maji?» Akanijibu: «Siogopi. Nimesoma tu.»

Sasa sikiliza muzuri, juu hapa ndiyo habari inaanzia. Hakuna mutu alichukia kuazimisha bitabu sawa yeye. Kusoma pale, ndio, soma mpaka uchoke. «Soma polepole,» alisemaka, «hakuna mutu anakukimbiza. Isipokuwa mi mwenyewe, saa kumi na moya.» Mais kutoka na kitabu! Ilikuwa sawa kuposa binti yake. Alikukalisha. «Nyumba yenu inavuja? Muko na mbuzi? Taa munawekaka wapi? Nani analala karibu na kitabu?» Siku niliomba kitabu ya coupe et couture, ya kukata na kushona, alinirudisha mara mbili juu nilisema ukweli, kwamba tuko na mbuzi. Mara ya tatu nilimwambia mbuzi ilikufa. Akaniangalia. «Ilikufa na nini?» Nikaangalia miguu yangu. Akanipatia kitabu, akasema: «Kufungia mbuzi fasi ingine ni kazi ndogo kuliko kumuua kwa kinywa.»

Na ukirudisha, hakuuliza kama ulimaliza. Aliuliza: «Mu kichwa kulibaki nini?» Kama unasema «hakuna», anakurudishia kitabu mu mikono. Kuna batu benye walisoma kitabu moya mwaka muzima.

Basi mutu sawa yule, siku moya, akafungua mulango na akatoa bitabu yote. Yote! Ndiyo kitu yenye munamusemea. Na hamuulize hata juu ya nini.

Ilikuwa mwaka yenye majina ilibadilika, yenye tuliacha ba Jean na ba Marie, na kila mutu akatafuta jina ya babu. Authenticité, balisema: turudie ya kwetu. Vijana ya chama balikuja na camion: masanamu ya miti kutoka Mwenga, mask, tableaux mikubwa ya rangi, ngoma. Commissaire mwenyewe akasema: exposition, maonyesho ya semaine mbili, mu bibliothèque, juu ndiyo salle yenye iko na mwangaza. Na Papa Bibliothécaire akasema ndio. Hapo bote munanyoosha kidole: «Unaona? Alisema ndio!» Alisema ndio juu alifurahi! Alipenda ile bitu. Alishika sanamu moya ndogo ya mufupa, akaizungusha mu mikono, akaniambia: «Hii nayo ni kitabu, mwanangu. Tulikuwa tunaingojea.» Mi nilikasirika tangu siku ile. Yeye alikuwa anacheka sawa bwana-arusi.

Mais bitabu ilipaswa ipishe. Commissaire akasema iende ku dépôt ya travaux publics, chini kule, karibu na mutaro. Papa akaenda kuangalia ile dépôt. Nilikwenda naye. Aliweka mukono ku ukuta, akautosha, ukawa umelowa. Akauweka tena fasi ingine. Umelowa. Ku pembe moya kulikuwa mifuko ya ciment yenye ilikuwa imegeuka mawe. Tukapanda mulima kurudi, akihema nyuma yangu, na alipofika ku ngazi akasema: «Ile dépôt ni mubaya kuliko nyumba ya batu, hata yenye mbuzi.»

Kesho yake akafungua mulango yote mbili. «Kila mutu achukue yenye anaweza kubeba. Semaine mbili. Kiisha murudishe.»

Ulikuwa hapo. Usikatae, nusu ya muji ilikuwa hapo. Wamama na mabassin ku kichwa, banafunzi, bakatekista, mutu moya na pousse-pousse, maman mwingine alimushusha mutoto ku mugongo akafunga dictionnaire ndani ya pagne fasi ya mutoto. Ligne ilishuka mpaka barabara. Na hata ile siku, hata na camion ya masanamu inapiga klakson inje, Papa Bibliothécaire alisimama ku bassin yake, akanusa mikono ya kila mutu. Batu balikasirika: «Papa, unatupatia ao unatunyima?» Akajibu: «Ninabaazimisha. Sijapatia mutu kitu.»

Shika ile neno. Hakupatia mutu kitu.

Semaine mbili ikapita, exposition haitoke. Mukubwa moya alitoka Kinshasa, akatembea kati ya tableaux, akasema ni muzuri, ni muzuri sana, ibakie. Mara moya kibao ikapanda: GALERIE. Papa akavaa muzuri, akaenda ku biro kuomba salle yake. Mi nilimungojea inje. Alitoka uso imekuwa sawa majivu. Bali­mujibu namna hii: «Bibliothèque gani, citoyen? Bibliothèque ni bitabu. Bitabu iko wapi? Si wewe mwenyewe uliitosha?»

Unasikia? Balimufunga na wema wake mwenyewe. Kama aliacha bitabu ioze mu dépôt, leo angekuwa muzee ya heshima, mutu ya État, mwenye alionewa. Juu aliiponyesha, akakuwa mwizi.

Basi akaanza kutafuta bitabu, nyumba kwa nyumba. Mi nilirudisha yangu siku yenye alisema turudishe. Hakukuwa fasi ya kuweka, akaisukuma chini ya kitanda yake ku Kasha. Kiisha nikamusindikiza siku za Mungu, misa ikiisha. Mais tulikutana na shida yenye hata shetani hakuifikiri. Ku fiches zake, bikaratasi ya benye kuazima, mulikuwa majina ya zamani, ya ubatizo. Na majina ya zamani ilikuwa imekufa! Unapiga hodi, unauliza Marie-Claire, banakuambia hapa hakuna Marie-Claire. Na kweli hakuna, Guide, mukubwa ya inchi, alimukataza. Bengine walitusaidia: «Ah, Papa, ni mimi, ingia!» Mais bengine…

Tulifika Nguba, ku villa moya ya chini, karibu na maji. Bwana mwenye villa alikuja ku barza na kandambili. Papa alimujua muzuri sana. Alikuwa amemunusa mikono miaka.

«Tunatafuta Monsieur Jean-Baptiste,» Papa akasema.

«Jean-Baptiste?» Bwana akacheka, akageukia bageni yake benye walikuwa banakunywa Primus. «Jean-Baptiste alikufa, Papa. Alikufa siku Guide alikataa majina ya wazungu.»

Bageni wakapiga makofi.

Papa akatoa kofia. «Pole sana,» akasema. «Basi tumekuja ku matanga. Ku kwetu, matanga ikiisha, bitu yenye marehemu aliazima inarudia benyewe.»

Wageni bakacheka tena, mais safari hii hawakucheka upande ya bwana. Na ule bwana akakasirika, akasema: «Unaniita mwizi ku parcelle yangu?» Akatufukuza. Kupitia dirisha ya salon niliona bitabu zetu na macho yangu, mugongo nyekundu, zimepangwa muzuri ku armoire ya vioo sawa vikombe ya harusi. Na ni ule, ule mwenyewe, wala si mwingine, alianza kusema ku muji muzima kwamba muzee aliuzisha bibliothèque. Sikutaji jina. Sijui nitaje lipi, la marehemu ao la muzima.

Ngoja, kuna mubaya kuliko. Siku moya nilinunua karanga ku soko ya Kadutu. Maman akanifungia ndani ya karatasi. Nafika ku machine yangu, nafungua: ukurasa ya bitambaa ya mashua. Kitabu ya Papa, ile yenye aliipenda! Nilirudi mbio, nikapiga kelele mpaka soko yote ikasimama. Maman ya karanga akalia, akasema alinunua karatasi kwa kilo, yeye hajui kusoma, atajuaje? Na nilikuwa na haki gani ya kumulilisha? Si yeye aliipasua. Nilipeleka ule ukurasa ku Kasha, na mafuta ya karanga ndani. Papa akaunusa. Nilifikiri atatukana kwa Mashi. Akaulaza ku meza, akaupangusa na kitambaa, akaniuliza kama maman alikuwa anauzisha muzuri.

Hapo nilipasuka. «Papa, kesho misa ikiisha ninapanda ku banc, ninaita majina yote! Ya zamani na ya mupya! Kila mwenye aliweka kitabu ku nyumba atasimama na haya!»

«Hautafanya.»

«Juu ya nini? Banakuita mwizi!»

«Mutu ukimutia haya mbele ya batu,» akasema, «anarudi nyumbani anachoma kitabu, juu hakuna mutu atamukamata nayo. Mi nataka bitabu. Jina yangu bachukue.»

Nilitoka bila kuaga. Nilikasirika naye kuliko na ule bwana ya Nguba. Mutu gani anaacha jina yake iburutwe mu matope juu ya karatasi? Nilifanya miezi sikupanda tena Kasha.

Nikamuona tena hii saison ya mvula, samedi, kiisha salongo. Nilikuwa natoka kufyeka majani ku barabara sawa kila mutu, na panga ku mukono, matope ku miguu, napita chini ya galerie. Na yeye alikuwa pale, juu ya ngazi ya mawe, amekaa ku kiti ndogo, meza mbele yake. Amekonda. Koti imemukuwa mukubwa. Alikuwa anaelezea vijana wawili ya lycée tableau moya yenye iko karibu na mulango, wamama banapanda na makala ku mugongo. Alikuwa anabaonyesha namna muchoraji aliweka buzito ku shingo na wala si ku muzigo.

«Na wewe unabasifia?» nikamwambia, vijana walipoondoka. «Hii bitu ilikufukuza!»

«Ni mizuri,» akasema. «Haikunifukuza. Imetundikwa tu. Inafaa ikuwe na nyumba yayo. Na yangu ikuwe na yayo.»

Kiisha akanielezea. Chef mupya ya culture amekuja, mutu kijana, mwenye anasikia. Amemwambia: ile chambre ya nyuma, yenye bana balisomeaka zamani, iko wazi. Kama bitabu itajaza rayons za ile chambre mbele ya saison kavu, chambre ni ya bitabu, na yeye atasaini. Kama hapana, batu ya galerie balisha­omba kuweka ndani caisses ya masanamu, na apo ni mwisho, juu hakuna chambre ingine. Kwa hiyo Papa anakaa pale kila samedi. Mutu akileta, anapokea. Haulizi ilikuwa wapi, haulizi jina ya zamani wala ya mupya.

«Na banaleta?»

Akanionyesha meza. Catéchisme moya. Kitabu ya kufuga nyuki, bila kifuniko. Ya tatu ilitoka Kavumu, mujane aliileta kwa miguu, juu bwana yake alimuagiza mbele ya kufa. Na zile za chini ya kitanda. Basi.

«Ile mitatu?» nikasema. «Nusu ya muji ilipita hapa na mabassin, na banakuletea mitatu?»

«Saison kavu bado.»

«Papa, niachie niite majina!»

«Hapana.»

«Basi niandike!»

Akafikiri. Batu walikuwa banapita chini, banatoka salongo, bengine banageuza uso upande ya ziwa wakifika mbele yetu. Niliona mmoya, mbili. Niliwajua. Yeye pia aliwajua, na alibasalimia: «Bonjour, citoyenne. Bonjour, citoyen.» Na bao wakatembea mbio zaidi.

«Andika,» akasema. «Mais bila jina. Andika sawa unaongea na mutu moya tu.»

Basi nimeandika. Sikutaja mutu, juu nilimuahidi, na ahadi yangu kwake siivunji hata nikipasuka. Unaweza kuendelea kusema ku soko kwamba muzee aliuzisha nyumba, hakuna mutu atakukamata. Mais meza iko pale samedi, na saison kavu haingoje mutu. Kitabu iko kwako. Unairudisha lini?